Tangi la maji chumvi: matumbawe nayatoa wapi?

SWALI: Ami shikamoo. Niko Malindi, tuna nyumba ya wageni hapa Shela na nataka kuweka tangi la maji chumvi pale risepsheni, lenye matumbawe na samaki wa rangi. Babu alikuwa mzamiaji wa samaki wa mapambo, asema maji yakitoka niende mwambani na ndoo tu, bure. Rafiki yangu asema hiyo ni kesi. Nimsikize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Msikize rafiki. Babu msamehe, enzi zake dunia nzima walifanya hivyo, mtu wa Ulaya akitaka tangi alinunua mwamba uliotolewa baharini na viumbe vyake, samaki wa baharini, wakifa ananunua wengine, na kule Ufilipino kuna waliopuliza hadi sumu ya sayanaidi kwenye matundu ya mwamba ili samaki walewe washikike, matumbawe nayo yakafa. Hapo Malindi mbuga ya bahari iko tangu 1968 na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, hawana mchezo, halafu mwamba wenyewe ulishapaushwa, matumbawe yakawa meupe, na lile joto la bahari la 1998, tuuache upumue.

Siku hizi wenye matangi wanapanda matumbawe wenyewe. Anakata kipande kama kidole gumba, anakibandika kwa supaglu kwenye kijiwe, kikishika kikakua anakata tena ampa mwenzake. Yule samaki wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe anazalishwa kwenye matangi miaka mingi sasa, dume ndiye anayelea mayai, anayapepea kwa mapezi usiku na mchana, na jike akifa dume anageuka jike (mambo ya mirathi usiniulize).

Simaanishi samaki wa baharini ni mwiko. Mzamiaji mwenye leseni anayeshika kwa wavu mdogo, taratibu, mwamba ndio mkate wake, ataulinda.

Mimi kinachonitia wasiwasi kwako ni stima. Ulaya wanapasha maji moto, wewe utayapoza, matumbawe yanataka kama digrii 25 au 26 na risepsheni za Malindi mwezi wa tatu unazijua mwenyewe, na umeme ukikatika usiku pampu ikazima samaki wanaishiwa hewa. Kwa hiyo anza na samaki wawili bila matumbawe, nunua pampu ya hewa ya betri kwanza kabla ya taa za urembo. Na babu usimtupe, muulize samaki yupi anatafuna matumbawe na yupi mgomvi, hapo hata mwenye duka hamfikii.