Re: Barua ya matuta mbele ya shule haijibiwi

Salama mkuu. Umesema barua yenu ya kuomba matuta imekaa halmashauri miezi minne na watoto bado wanavuka kwa kukimbia. Cheki kwanza barabara ni ya nani, maana kama ni barabara kuu au ya mkoa hiyo ni ya TANROADS, za wilaya na mitaa ndo za TARURA (wote ni mawakala wa serikali wa barabara Tanzania), sisi tulikosea mlango hivyohivyo. Safari ya pili tukaenda na picha za saa moja asubuhi, daladala inaovateki juu ya zebra na katoto kamesimama katikati na kindoo chake, pamoja na muhtasari wa kikao cha wazazi wenye sahihi ya mwalimu mkuu na mtendaji, injinia akaja kupima mwenyewe. Ombeni tuta na zebra pamoja, zebra peke yake kwa madereva wa kwetu ni rangi tu. Ila msijiwekee tuta la kifusi usiku, letu lilimwangusha bodaboda, aibu tupu. Mkiwa mnasubiri, ombeni trafiki aje awafundishe wale wakubwa wa darasa la sita kuvusha wenzao na kibao cha SIMAMA, na wauza mihogo wasogee mbali na geti, pale wanamziba mtoto dereva hamwoni mpaka keshaingia barabarani.