Jibu: kwa nini split(',') inavuruga faili lako la CSV

Ndugu, umeuliza kwa nini programu yako ya Python inasoma vizuri faili la bidhaa la CSV (maandishi ambayo thamani zake hutenganishwa kwa mkato), halafu inaharibikia kwenye mstari huu:

"Sukari, kilo 2",6000

Tatizo ni split(','), amri ya kugawa maandishi. Hukata kila inapokuta mkato, hata ule ulio ndani ya alama za kunukuu, ambao ni sehemu ya jina. Unapata vipande 3 badala ya 2. Usihangaike kutunga kanuni zako. Python ina moduli ya csv (msimbo ulio tayari wa kusoma mafaili haya) tangu toleo la 2.3 la mwaka 2003, huhitaji kusakinisha chochote.

```
import csv

with open('bidhaa.csv', newline='', encoding='utf-8-sig') as f:
    for mstari in csv.DictReader(f):
        print(mstari['jina'], int(mstari['bei']))
```

Hapa nimechukulia kwamba mstari wa kwanza wa faili una vichwa vya safu, jina na bei. Hiyo int(), inayogeuza maandishi kuwa namba, tafadhali usiisahau. DictReader hukurudishia kila thamani kama maandishi, na '6000' + '500' itakupa '6000500' bila kulalamika. Kosa la namna hii huchelewa sana kuonekana.

Ile utf-8-sig ni kwa mafaili yaliyohifadhiwa na Excel kama CSV ya UTF-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi). Huanza na alama isiyoonekana, na bila kuiondoa utapata KeyError (kosa la jina la safu kutopatikana) kwenye safu ya kwanza.