Maswali na majibu: Nchi ndogo katikati ya vikwazo

Nchi zikivunja uhusiano wa kibalozi, si ndiyo biashara imekwisha?

Hapana, na nimeshachoka kulijibu hili. Marekani ilivunja uhusiano na Cuba Januari 1961. Marufuku ya biashara ilikuja Februari 1962. Mwaka 2015 balozi zikafunguliwa tena, na marufuku ikabaki pale pale. Tanzania nayo ilivunja uhusiano na Uingereza Desemba 1965 kwa ajili ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako Wazungu wachache walikuwa wamejitangazia uhuru, ikakosa mkopo wa pauni milioni 7.5, lakini biashara baina yao haikukatika. Tafadhali, kabla ya kuandika tena, tenganisha ubalozi na forodha.

Je, kila kikwazo cha Umoja wa Mataifa kinatubana?

Kilichopitishwa na Baraza la Usalama chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja huo kinabana kila mwanachama. Azimio la Baraza Kuu halimlazimishi mtu. Ila kubanwa ni jambo moja na kutii ni jingine: mwaka 1971, Rhodesia ikiwa bado chini ya vikwazo vya Baraza, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuruhusu madini ya kromu ya Rhodesia yaingie Marekani. Nchi ndogo isingethubutu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa una Kifungu cha 50, kinachoipa nchi inayoumizwa na utekelezaji wa vikwazo haki ya kwenda kushauriana na Baraza la Usalama. Ni haki ya kuzungumza tu, halipo neno la fidia. Wizara za mambo ya nje zinazotia saini haraka zikisome kwanza.

Kwa nini nchi ndogo zinamwogopa jirani badala ya kusimama na haki?

Swali hili huulizwa na mtu ambaye nchi yake ina bahari. Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote. Januari 1986 serikali ya makaburu ilibana mpaka kwa sababu Waziri Mkuu wa Lesotho, Leabua Jonathan, aliwapa hifadhi wapigania uhuru wa ANC. Tarehe 20 mwezi huohuo jeshi lake likampindua, na baada ya hapo watu wa ANC wakaanza kuondolewa nchini. Wiki tatu hazikutimia. Anayemwita Mlesotho mwoga aniambie angekula nini wiki ya nne.

Zambia ilisimama, na ilisimama kwa gharama. Rhodesia ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, mafuta ya Zambia yaliyopitia huko yalikatika, ikabidi yasafirishwe kwa ndege na kwa malori katika barabara mbovu kutoka Dar es Salaam. Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam, lilifika Ndola 1968. Reli ya TAZARA ilichelewa hadi katikati ya miaka ya sabini. Hata hivyo Oktoba 1978 Rais Kaunda alilazimika kuifungua tena njia ya reli ya kusini inayopita Rhodesia, kwa sababu mbolea ilikuwa imekwama na msimu wa kupanda ulikuwa umefika. Simlaumu hata kidogo. Ninaowalaumu ni waliompigia makofi miaka yote hiyo bila kumpa hata behewa.

Vikwazo vya Burundi vilileta amani?

Vilileta shinikizo. Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka Burundi tarehe 25 Julai 1996, na siku sita baadaye viongozi wa kanda, Mwalimu Nyerere akiwa msuluhishi, walikubaliana Arusha kuifungia nchi hiyo biashara. Bunge lilirudishwa Septemba, na mazungumzo ya Arusha yakafunguliwa Juni 1998. Hayo nayakubali.

Lakini nani alilipa? Petroli ilipanda bei, magendo yakashamiri, na wenye ndugu serikalini na jeshini wakatajirika kwayo. Mkulima wa mlimani, ambaye hakumpindua mtu, alikosa mbolea na dawa mpaka viongozi walipolegeza masharti Aprili 1997. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999, mkataba ukatiwa saini Agosti 2000, na risasi zikaendelea kulia miaka kadhaa baada ya hapo. Msimamo wangu haujabadilika: mnyime mtawala viza, zuia akaunti zake na silaha zake, ila mbolea iache ipite.

Mbona Qatar ilihimili ilipofungiwa mipaka na majirani zake?

Ilikuwa na gesi, akiba ya fedha, bandari yake yenyewe, na Uturuki, Iran na Oman zilizokubali kuisaidia tangu Juni 2017 hadi Januari 2021. Msiifananishe na Burundi.

Nchi yangu haijawekewa vikwazo na haijamwekea mtu. Kwa nini benki imerudisha malipo yangu?

Kwa sababu malipo ya dola karibu yote hupitia benki za Marekani, na benki yako ndogo inaogopa kufungiwa njia hiyo kuliko inavyokuogopa wewe. Jumuiya ya Ulaya ilitunga kanuni mwaka 1996 ya kuwakinga wafanyabiashara wake dhidi ya sheria za Marekani kuhusu Cuba. Nchi ndogo haina ubavu huo. Kwa hiyo usingoje serikali yako itangaze chochote. Kagua jina la mnunuzi, la mwenye meli na la bandari ya mwisho, kisha soma kifungu cha vikwazo katika mkataba wa bima kabla mzigo haujatoka ghalani.