Faili zako kwenye kompyuta ya watu wengi

Kuificha folda si kuifunga. Naanza na hili kwa sababu ndilo watu wengi wanaloniambia wamelifanya wakatulia: wamebofya kulia, wameifanya folda iwe fiche, haionekani tena, basi. Lakini Windows imeacha tu kuionyesha. Anayejua mahali pa kuwasha vitu vilivyofichwa ataiona papo hapo, na mtoto wa darasa la sita anapajua. Kuibandika jina la "Mapishi" nako hakusaidii, maana mtu akitafuta neno lililomo ndani ya faili, kompyuta inaweza kumletea.

Nimefanya kazi saiba, yaani duka la kompyuta za kulipia, huku Mwembe Tayari, Mombasa, kwa miaka, na nyumbani kwetu Kisauni kompyuta ni moja, inatumiwa na kila mtu kuanzia mama mpaka wapwa. Nimeona mambo haya pande zote mbili: nikiachiwa faili za wenzangu, na nikiwa na zangu ambazo sitaki zisomwe.

Mngejua kinachobaki kwenye mashine za saiba jioni. Fungua folda ya Downloads: cheti cha PIN cha KRA, mamlaka ya kodi, kitambulisho kilichoskaniwa mbele na nyuma, barua ya HELB ya mkopo wa masomo, majibu ya vipimo vya hospitali, hati ya kiwanja. Mwishoni mwa Juni, watu wanapokimbizana na ritani za kodi, hujaa fomu za P9 zenye mshahara wa mtu na kodi aliyokatwa mwaka mzima. Anayeketi baada yako hahitaji ujuzi wowote. Ataingia kutafuta faili yake, aikute yako juu kabisa kwa sababu ndiyo ya karibuni. Mimi nilikuwa nikizifuta kila siku kabla ya kufunga, lakini usiweke siri yako kwenye tabia njema ya mfanyakazi usiyemjua.

Na tafadhali tuache kuulizana "kwani unaficha nini?" Aliwahi kuja mama mmoja mtu mzima, ameshika barua ya kupeleka kwa Kadhi, anataka nimpigie chapa. Alisogeza kiti mpaka bega lake likagusa langu, akateremsha sauti: "Mwanangu, kigeuze hicho kioo kidogo." Nikakigeuza kikaelekea ukutani. Yule mama hakuwa na kosa lolote. Alikuwa na jambo la nyumba yake, na jambo la nyumba yake ni lake. Kadhalika kijana anayetafuta kazi nyingine kabla hajamwambia mwajiri, au mgonjwa ambaye hajawa tayari kuwaeleza ndugu. Katiba ya 2010 imeiweka faragha katika kifungu cha 31, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Lakini sheria hufika baada ya jambo kutokea, na mimi nataka faili isisomwe kwanza.

Nyumbani, anzeni kwa kumpa kila mtu akaunti yake kwenye Windows, yenye nywila yake. Ni kazi ya muda mfupi na haina gharama. Kila akaunti ina folda zake, na mwenye akaunti ya kawaida hawezi kuingia kwenye za mwenzake. Hapo kwenye "ya kawaida" ndipo watu wanapokosea. Kompyuta ikiwa na akaunti tatu na zote tatu ni za msimamizi (administrator), mwenye ruhusa ya kubadili chochote, hakuna kilichofungwa: msimamizi akibofya folda yako ataulizwa kama anataka kuendelea, ataendelea, na ataingia. Msimamizi awe mmoja, wengine wote wawe watumiaji wa kawaida. Ukiinuka kwenda kuangalia chungu jikoni, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na L ili kioo kijifunge. Akaunti iliyoachwa wazi ni sawa na kutokuwa na akaunti.

Hata hivyo, akaunti ni pazia tu. Mtu mwenye flashi iliyowekwa Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, anaweza kuiwasha kompyuta kupitia hiyo flashi, asiguse Windows kabisa, na kama diski haikusimbwa atasoma kila kitu kilichomo bila kuulizwa nywila. Kwa faili ambazo kweli zikisomwa zitakuumiza, dawa ni kuzisimba, yaani kuzigeuza ziwe vurugu isiyosomeka bila nywila.

Mimi hutumia 7-Zip, programu ya bure. Unabofya kulia folda yako, unachagua 7-Zip, kisha kuongeza kwenye kifurushi. Dirisha likifunguka, chagua umbo la 7z, siyo zip, kisha andika nywila mara mbili. Chini yake kuna kisanduku kidogo cha kusimba majina ya faili. Tia tiki hapo. Nakaza neno hili kwa sababu wengi hukiruka: usipotia tiki, mtu hataweza kufungua faili, lakini ataona orodha ya majina yake, na faili inayoitwa "Majibu ya kipimo" imeshasema kila kitu kabla ya kufunguliwa. Usimbaji wenyewe ni AES ya biti 256, njia imara ya kusimba, na nywila ikiwa nzuri hakuna jirani wala fundi atakayeuvunja.

Kifurushi kikishatengenezwa, folda ya awali bado ipo palepale. Jaribu kwanza kukifungua kifurushi uone kinakubali nywila, halafu ifute ile ya awali kwa Shift na Delete ili isipitie kwenye pipa la takataka. Jambo jingine: ukibofya faili moja kwa moja ndani ya kifurushi, 7-Zip hutoa nakala ya muda na kuiweka kwenye folda ya Temp ili uweze kuisoma. Mara nyingi huiondoa ukimaliza, lakini umeme ukikatika katikati, au programu ikikwama, nakala inaweza kubaki.

Kwa sababu hiyo, anayeandika mambo yake kila siku, kama shajara au hesabu za biashara, bora atumie VeraCrypt. Nayo ni ya bure. Inatengeneza faili moja kubwa ambayo ukiifungua kwa nywila inakuwa kama diski nyingine. Unafanya kazi mle ndani, ukimaliza unaifunga. Hakuna nakala ya awali ya kufuta, kwa sababu faili ilizaliwa humo. Ila usiitegemee saiba: kama haijawekwa tayari kwenye mashine, inahitaji ruhusa ya msimamizi ili ifunguke, na saiba hawatakupa.

Nywila sasa. Watu hufikiria mdukuzi wa mbali wasiyemjua, wakati anayeweza kufungua faili zako ni mtu wa nyumbani, anayejua jina la mtoto wako, mwaka uliozaliwa na tarakimu za mwisho za simu yako. Usitumie chochote ambacho ndugu yako anakijua. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana hata kidogo, yaunganishe. Na uyaandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na vyeti vyako vya asili, kwa sababu 7-Zip na VeraCrypt hazina pa kubofya "nimesahau". Ukiisahau nywila, faili zimekwenda.

Huko saiba ushauri wangu ni mkali zaidi: usifungue kitu cha siri hata kama kimesimbwa. Mashine ambayo si yako inaweza kuwa na programu inayorekodi kila kitufe unachobonyeza, na nywila yako ikarekodiwa pamoja na mengine. Kama lazima uprinti, peleka karatasi hiyo moja tu, kaa mpaka itoke, kisha futa faili kwenye Downloads na kwenye pipa. Hali fiche ya kivinjari (Incognito) husahau kurasa ulizotembelea, lakini ulichopakua kinabaki kwenye diski.

WhatsApp ndiyo inayowaumiza watu kuliko yote. Mtu anaunganisha WhatsApp yake kwenye mashine ili atoe picha ya kitambulisho, anaprinti, analipa, anaondoka kwenda kupanda matatu ya Likoni, na nyuma yake mazungumzo yote yako wazi kwenye kioo, na ujumbe mpya unaendelea kuingia. Nimewaondoa watu wengi kwenye hali hiyo kwa mkono wangu mwenyewe. Ukikumbuka ukiwa njiani, si lazima urudi: fungua WhatsApp kwenye simu, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, uiondoe mashine hiyo. Akaunti ya Google nayo ina orodha ya vifaa vilivyoingia, na unaweza kutoka kwenye kifaa chochote ukiwa popote.

Kwa fundi, wengi humwachia kompyuta na nywila kwa pamoja. Akitengeneza kioo au kibodi hahitaji faili zako. Mfungulie akaunti mpya ya muda, uhakikishe mambo yako yamesimbwa kabla hujatoka nyumbani, na ukishairudisha uifute akaunti hiyo. Na ukiuza kompyuta, usiishie kufuta folda. Kwenye mipangilio ya Windows kuna sehemu ya kuiweka upya. Chagua kuondoa kila kitu, na ndani yake chagua kusafisha diski. Inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hivyo ianze usiku, ikiwa imechomekwa kwenye umeme.