Lugha ya kubuni ya Kinorse na Kigaeli: neno lipite mdomo wa nani?

SWALI: Ninaandika riwaya ya visiwa vya kubuni. Wenyeji wake wanazungumza mchanganyiko wa Kigaeli, lugha ya jadi ya Uskoti, na Kinorse cha kale, lugha ya Waviking. Msamiati nimeugawa nusu kwa nusu. Jabali la pwani, kwa mfano, nimeliita hamarr, vilevile lilivyo katika Kinorse. Walioonjeshwa rasimu wanasema lugha inasikika kama imeungwa kwa gundi. Nirekebishe nini?

JIBU: Anza kwa kuiacha hiyo nusu kwa nusu. Lugha zikikutana, moja hubaki mwenyeji na nyingine huingia na kazi zake. Visiwa vya Hebrides, Uskoti, vilikuwa chini ya Norwei hadi mkataba wa Perth wa 1266. Kilichodumu huko ni Kigaeli, ila baharini humo Waviking wamejaa tele: bàta, mashua, ni bátr, stiùir, usukani, ni stýri, sgeir, mwamba unaochomoza majini, ni sker. Mama na baba wamebaki wa Kigaeli.

Sasa hamarr yako. Hiyo r ya mwisho ni alama ya kisarufi tu, idondoshe, kama bátr ilivyopoteza yake. Kazi iko kwenye h. Katika Kigaeli, t ya mwanzo hulainika ikitanguliwa na maneno fulani: taigh ni nyumba, mo thaigh ni nyumba yangu, na hiyo th hutamkwa h. Basi Mgaeli akisikia neno geni linaanza na h, hudhani kuna t iliyojificha, naye huirudisha. Ndiyo maana kijiji cha Habost, kisiwani Lewis, kwa Kigaeli huitwa Tàbost. Sisi tuliifanyia kitab ya Waarabu mchezo uleule: tuliposikia ki, tukaihesabu ngeli, tukazaa vitabu.

Kwa hiyo jabali lako liwe tamar likisimama peke yake, na mo thamar, litamkwe “mo hamar”, likiwa langu. Binafsi ningemweka mhusika mgeni achanganyikiwe hapo.

Ruhusu pia safari ya kurudi. Àirigh, malisho ya kiangazi ya Wagaeli, yalichukuliwa na Wanorse wakayaita ærgi, na hadi leo kuna Argir katika Visiwa vya Faroe. Majina ya watu nayo usiyaache mabichi: Sumarliði, “msafiri wa kiangazi”, aligeuka Somhairle.