Bushi kuchanika baada ya kunyanyua gari

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini bushi (zile raba za kwenye maungio ya mikono inayoshika tairi) zimechanika fasta hivyo baada ya kufunga springi na shokapu za kunyanyua gari inchi 2. Mi naona mlikaza nati za bushi gari likiwa bado juu ya jeki. Bushi ya mpira imegandana na chuma ndani na nje, sasa ukikaza wakati tairi zinaning'inia, ukishusha gari mpira unabaki umejisokota muda wote mpaka unachanika. Weka mpya, boliti zishike kwa mkono tu, shusha gari, litikise likae sawa ndo ukaze. Na tafadhali sana cheki hozi za breki (mipira inayopitisha mafuta ya breki), kata usukani mpaka mwisho tairi zikining'inia, ukiona hozi imevutika kama kamba usiendeshe kabisa, tafuta ndefu. Alaimenti (mpangilio wa tairi) nayo kapime.