Maembe yana funza: nipige dawa gani iliyo kali zaidi?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Nina miembe miwili ya dodo nyuma ya nyumba hapa Kibaha, na mbele kuna mpera na mkungu wa kivuli. Huu ni msimu wa tatu, maembe yakikaribia kuiva yanajaa funza na kudondoka. Duka la pembejeo walinipa dawa, nimepiga na kurudia, hakuna nafuu. Sasa kuna kijana anapita mtaani na dawa ya chupa isiyo na karatasi. Anasema anatoboa shina, anaimimina humo, na funza hawarudi mpaka mwakani. Jirani naye ananiambia nichome majimoto, wale sisimizi wanaouma, waliojaa mtini, kwamba ndio wanaotoboa maembe. Nipige dawa gani iliyo kali zaidi? Na huyo kijana nimruhusu? – Msomaji, Kibaha

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kijana huyo usimruhusu hata kugusa shina, na majimoto usiwachome. Sababu nitazitoa, lakini kwanza nianze na hilo neno "kali zaidi", maana kila msimu wa maembe naulizwa hivyohivyo, na linanisikitisha kuliko funza wenyewe.

Chukua embe lililodondoka leo asubuhi, ulipasue. Karibu na ganda utaona nyama imegeuka kahawia na kuwa majimaji, na ndani yake mabuu meupe yasiyo na miguu. Likikomaa, buu hilo hujikunja na kuruka ukiliweka mezani. Sasa tazama ganda kwa nje: utakuta kidoa kidogo kama kimechomwa kwa pini, pengine kimetoa utomvu. Hapo ndipo nzi jike wa matunda alipochomeka mkia wake na kutaga mayai chini ya ganda. Mayai huanguliwa kwa siku moja hadi tatu, na kuanzia hapo buu linaishi ndani ya nyama ya embe. Dawa uliyopiga imebaki juu ya ganda. Uiongeze makali mara mbili au mara kumi, itabaki juu ya ganda vilevile, na atakayekutana nayo ni mtoto wako anayelimenya embe kwa meno.

Nzi anayetusumbua zaidi si mwenyeji wa huku. Asili yake ni Asia, na alionekana Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Wataalamu walimpa jina la Bactrocera invadens mwaka 2005, kisha mwaka 2015 ikathibitishwa kuwa ni yuleyule Bactrocera dorsalis wa Asia. Anashambulia aina nyingi mno za matunda, na anapenda sana maembe, mapera na kungu.

Rudia sentensi yako ya kwanza, dada. Mwembe nyuma, mpera na mkungu mbele. Nzi hao wana chakula karibu mwaka mzima ndani ya ua wako mwenyewe. Maembe yakiisha wanahamia kwenye mapera, mapera yakipungua kuna kungu zilizotapakaa chini ambazo hakuna anayezijali, na msimu wa maembe ukirudi wanakuwa jeshi zima. Sikwambii ukate mkungu, kivuli chake unakihitaji. Nakwambia uokote kungu zake.

Barua yako imetaja dawa, haikutaja hata mara moja maembe yanayodondoka yanakwenda wapi. Hapo ndipo palipo na ugonjwa. Buu likishiba hutoka kwenye tunda, hujichimbia kwenye udongo sentimita chache tu, na kugeuka pupa wa rangi ya kahawia asiyezidi punje ya mchele. Kwa joto letu la Pwani, baada ya kama siku kumi nzi mpya anachomoza. Ukiliacha embe bovu chini ya mti, umewapa nzi wodi ya wazazi. Ukilitupa kwenye shimo la takataka la goti moja, au kwenye rundo la mboji, ni hivyohivyo, umewahamishia upande wa pili wa ua tu.

Okota kila siku, asubuhi na jioni ukiweza, na yale yaliyooza yakiwa bado mtini yaangushe. Yatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki mzito usio na tundu, ufunge kabisa na uuache juani kwa siku kadhaa, joto litaua mabuu yote. Huna mfuko, chimba shimo uyafukie kwa udongo wa kina cha nusu mita au zaidi, uukanyage ushikane. Kama una mbuzi au nguruwe, wape siku hiyohiyo wakiwa wanakula mbele yako, yasilale bandani. Kuku wakichakura chini ya mwembe waache, wanakula mabuu na pupa. Na uzungumze na majirani, kwa sababu nzi hajui mpaka wa ua.

Najua kazi hii haina mvuto. Mtu anataka kitu cha kununua. Lakini nimeona bustani nyingi ambazo mwenyewe alinunua kila alichouziwa na hakuokota, na maembe yake yaliendelea kuoza.

Kuhusu majimoto, jirani yako anamshtaki mlinzi. Majimoto hawatoboi maembe. Ni wawindaji: wanakamata wadudu, na harufu wanayoiacha juu ya matunda humfanya nzi jike asite kutua na kutaga. Huko Benin watafiti walipima jambo hili kwenye mashamba ya miembe na kukuta miti yenye majimoto wengi ina maembe machache yenye funza. Hapa kwetu faida yao inajulikana tangu utafiti wa minazi uliofanyika Zanzibar miaka ya 1950, na Kituo cha Utafiti cha Naliendele kimewafanyia kazi kwenye mikorosho dhidi ya wadudu wanaofyonza machipukizi. Ni kweli wanauma, na ni kweli wanafuga wadudu magamba ili walambe utamu wao. Siku ya kuchuma jipake majivu mikononi na miguuni. Dawa unayopuliza mti mzima ndiyo inayowaua kwanza, halafu nzi wanarudi mahali pasipo na adui.

Mitego yenye dawa ya kuvuta nzi, ile ya methaili yujenoli, inasaidia, ila uelewe inachokamata: madume peke yake. Chupa inaweza kujaa huku majike yaliyokwisha kupandwa yakiendelea kutaga. Kinachovuta majike ni chambo cha protini, kile cha hamira kilichochanganywa na kiuatilifu kidogo. Unakidondoshea kwenye majani sehemu moja ya mti kila wiki, bila kugusa matunda. Maembe unayoyafikia yafunge mifuko ya karatasi yakiwa bado machanga. Mengine yachume yakishakomaa kabla hayajalainika, uyaivishie ndani. Miembe yako ikiwa mirefu mno, ipunguze urefu kidogokidogo baada ya mavuno, si kwa mkupuo.

Sasa huyo kijana. Tundu analotoboa ni mlango wa kuvu na wadudu wa shina, na mwembe unaweza kukauka tawi moja moja. Hilo ndilo dogo. Chupa haina karatasi, kwa hiyo wewe hujui ndani kuna nini, na naye huenda hajui. Kama kweli ni sumu inayopanda na maji ya mti, inakwenda kwenye majani na kwenye tunda, na hakuna aliyekupimia ni siku ngapi zipite kabla ya kulila. Kiuatilifu halali hapa nchini kinasajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na lebo yake inaeleza zao, kipimo, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nakutana na watu wanaochanganya dawa tatu kwenye bomba moja kwa sababu moja "haikukaza", wanaopimia kifuniko cha soda, wanaopuliza dawa ya pamba kwenye mchicha, wanaoweka mafuta ya taa kwenye chupa iliyokuwa na kiuatilifu. Wote waliambiwa na mtu fulani mtaani kwamba inafanya kazi. Yeye akishalipwa haonekani tena, na chakula kinabaki mezani kwenu.

Hata ile dawa ya dukani uliyokwisha kupiga, itafute chupa yake usome siku za kusubiri, uhesabu kuanzia siku uliyopiga mara ya mwisho, na kabla hazijaisha usimpe mtu embe la mti ule. Kama lebo haitaji miembe kabisa, usiipige tena. Chupa ikiisha isuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yamimine ndani ya bomba wakati wa kuchanganya, kisha itoboe isitumike tena kwa chochote.